Mashine ya boti 40 tustroki: nifungue juu tu hapa Chake, niivushe Mjini ifunguliwe yote, au niuze nichukue fostroki?

Mtu wa Wesha
Assalaam aleykum. Nina Yamaha ya nguvu farasi 40, tustroki (ile ya kuchanganya oili na petroli), kwenye boti ya faiba. Imepungua nguvu, na asubuhi navuta kamba hata mara kumi ndiyo iwake. Fundi wa hapa Chake, Pemba, anasema afungue hedi (kifuniko cha juu cha silinda), akwangue masizi, abadilishe ringi za pistoni na gasketi, siku mbili keshamaliza. Fundi wa Mjini, Unguja, anataka niivushe kwa meli aifungue yote mpaka kranki (mhimili wa ndani unaozungushwa na pistoni), na bei yake ni zaidi ya mara mbili. Shemeji yangu ananambia niiuze, niongeze pesa, nitafute fostroki (oili yake hukaa mbali na petroli) iliyotumika. Kusi limeanza kutulia na mimi nataka kurudi baharini. Mngekuwa nyinyi mngeshika lipi?

Fundi Malindi
Waaleykum salaam. Umeeleza bei, mashine yenyewe hukuieleza. Ya mwaka gani? Imeshafanya kazi saa ngapi? Oili unachanganya kiasi gani? Ukivua plagi zina rangi gani? Inakojoa sawasawa, yaani maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu? Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, imepimwa? Bila ya hayo sote tutakuwa tunabahatisha na pesa zako.

Mwana Tumbatu
Ringi hizo, hakuna jengine. Mimi yangu nimeshaibadilisha ringi mara tatu na inanifikisha Mnemba na kurudi. Fostroki usiiguse kaka. Nzito, inakaa nyuma ya boti kama gunia la mchele, na ikikuzimikia nje huwezi kufungua kitu na spana moja kama hii yetu.

Bi Kizimkazi
Mimi nina boti mbili za kupeleka wageni kutazama pomboo. Moja ilikuwa na tustroki, sasa zote fostroki. Tofauti ya petroli niliiona mwezi wa kwanza tu, na wageni hawalalamiki tena moshi. Ila lazima niseme kweli: oili ya injini inataka kumwagwa kila saa 100 au miezi sita, na hapo hakuna kusema "kesho". Ukinunua iliyotumika, kama mwenyewe alikuwa hamwagi oili, hutoweza kujua kwa kuitazama kwa nje. Kwa hiyo shemeji yako na akuonyeshe kwanza mashine yenyewe.

Mtu wa Wesha
Samahani wakubwa. Niliinunua mkononi, mwaka wa nne huu. Saa sizijui. Oili natia chupa ya nusu lita kwa dumu la lita 20, ili mashine ishibe. Plagi nyeusi, zimelowa. Inakojoa lakini mkojo mwembamba.

Fundi Malindi
Hapo tumepata pa kuanzia. Kama kitabu cha mashine yako kinasema 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400 tu. Oili ikizidi haishibishi chochote. Ile ziada inachukua nafasi ya petroli, inaungua nusu, inageuka masizi, yanaziba tundu la moshi na kuzigandisha ringi kwenye mifereji yake. Na mkojo mwembamba ni impela ya pampu ya maji imechoka au chumvi imeziba njia za maji. Kuitengeneza ni kazi ya saa moja, na kukosa maji huko ndiko kunakoua mashine nyingi kuliko ringi.

Nahodha Fundo
Mwanangu, njia hiyo ya kwanza mie niliipita, na nitakueleza yote.

Dalili zangu zilikuwa hizo hizo zako. Fundi akafungua hedi, akatia pistoni mpya na ringi mpya, ikawaka kwa mvuto mmoja. Nikamshukuru Mungu. Wiki ya pili, kusi limekaza, tukatoka Mlango wa Njao alfajiri kufuata jodari. Wakati wa kurudi mashine ikaanza kupandisha mlio yenyewe, mkono wangu haujaigusa akseli. Nikadhani ni petroli mbaya, nikabadilisha dumu. Haikufika mbali ikafunga, kamba haivutiki hata mkivuta wawili. Tulikuwa watu watano, makasia mawili, tanga hatuna. Nanga haikupata chini, kule ni kina kirefu. Mkondo unapanda kaskazini na upepo unasukuma huko huko. Usiku tuliiona taa ya Ras Kigomasha ikitupita ubavuni, na mwanangu wa miaka kumi na mitatu ananiuliza kama ile ni nyumbani. Wavuvi wa Makangale ndio waliotukuta asubuhi, Mungu awalipe.

Ilipofunguliwa, sili (mpira wa kuziba) ya juu ya kranki imekauka na kupasuka. Pistoni mpya imeungua ubavu mmoja. Fundi hakuitazama sili kwa kuwa nilimlipa ya juu tu, na mie sikujua la kumuuliza.

Fundi Malindi
Ami, pole sana. Na huo mlio kupanda wenyewe ndiyo alama yake, kila mtu aushike. Kwenye tustroki petroli na oili hupita chumba cha kranki kabla ya kufika juu. Sili ikivuja mashine inavuta hewa, petroli inapungua, na oili inapungua pamoja nayo. Ukiusikia, punguza mwendo na uzime. Usiendelee.

Saa Kitabuni
Nimefanya kazi Afrika Kusini kwenye ndege ndogo za viti viwili zenye injini ya tustroki, Rotax 582. Kule hakuna anayeuliza "imepungua nguvu?" Kuna daftari. Kila saa ya kuruka inaandikwa. Plagi zinabadilishwa kila saa 25 hata zikiwa nzuri, na injini ikifika saa 300 inafunguliwa mpaka kranki, iwe inalia vizuri au vibaya. Sababu wanaijua wote: beringi na sili za kranki hazikupi taarifa mapema.

Sasa hesabuni. Mvuvi akiwasha saa 4 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ni saa 80. Miezi minne keshapita 300. Ndugu yetu ana miaka minne. Sisemi mashine ya boti ifuate kitabu cha ndege, lakini daftari la shilingi elfu moja mtu hashindwi. Nahodha alikuwa na roho za watu watano mikononi mwake, sawa na rubani.

Mwana Tumbatu
Ndege ikizima inaanguka, boti inaelea. Usitutishe.

Nahodha Fundo
Inaelea mpaka wapi, mwanangu?

Mwana Tumbatu
Nimekuelewa ami, samahani. Lakini huo mkojo mwembamba, joto lake linaondoka ukitoa thamostati, kile kinachozuia maji ya kupoza mpaka mashine ipate moto. Wengi huku wameitoa.

Fundi Malindi
Hapo nakataa kabisa. Ukiitoa, mashine inakwenda baridi, petroli haiungui sawa, masizi yanaongezeka. Joto likizidi tafuta impela na chumvi. Isuuzwe kwa maji matamu kila ukirudi, ndani ya pipa, dakika kumi.

Mwana Tumbatu
Maji matamu ya kunywa yenyewe tunayavusha kwa boti. Pipa zima kila siku nitalitoa wapi?

Bi Kizimkazi
Kinga maji ya mvua ya paa. Na mkisuuza tazameni na oili ya gia. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Mara mbili nimekuta mshipi umejizungusha nyuma ya rafadha na kuikata sili.

Mtu wa Wesha
Nimeazima geji ya kompresheni leo. Silinda ya juu psi 110, ya chini 85. Oili ya gia safi. Fundi wa Chake anasema bado ni ringi tu, anataka jibu Jumamosi.

Fundi Malindi
Tofauti hiyo ni kubwa, ikipita sehemu moja ya kumi pana jambo. Lakini ulipopima, plagi zote mbili zilikuwa nje? Na akseli uliishika wazi kabisa?

Mtu wa Wesha
Akseli sikuishika.

Saa Kitabuni
Basi pima tena kesho kabla hujamjibu. Na ukiwa umefungua kifuniko, zungusha gurudumu la juu kwa mkono polepole, usikilize beringi.

Mwana Tumbatu
Huyo aliyekuazima geji yuko wapi? Na mimi naitaka.