Fundi wa kupaua: nimchukue wa mtaani, wa duka la bati au kampuni?

Mgeni wa Madale
Wakuu habari za jioni. Boma langu limekaa mwaka wa pili sasa, linta na kozi za juu zimeisha, nataka kupaua kabla masika haijanikuta. Nina mafundi watatu mezani:
1. Fundi wa mtaani, 1.4m
2. Fundi niliyepewa na duka ninalotaka kununua bati, 2.2m
3. Kampuni, 15.6m
Nani mwaminifu hapo? Naomba hasa waliokwisha kupaua wanisaidie. Nawasilisha.

Nyundo Nzito
Umeandika bei tatu ukasahau nyumba. Vyumba vingapi? Bati gani, geji (unene wake) ngapi? Paa la pande mbili au pande nne, vale, yaani mabonde pande mbili za paa zinapokutana, ziko ngapi? Hizo bei ni ufundi tu au na vifaa?

Shilingi Mbili
15.6m kama ni ufundi tu basi wanakuja kukupaulia Ikulu.

Mgeni wa Madale
Samahani wakuu, niko kwenye daladala. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, dainingi, jiko, stoo. Paa la pande nne, vale kama nne hivi. Bati nataka aina ya msauzi, geji 28. Wale wawili ni ufundi tu. Kampuni ni pamoja na mbao, bati na kila kitu.

Nyundo Nzito
Sasa hapo hulinganishi mafundi, unalinganisha fundi cherehani na duka zima la vitambaa. Iambie kampuni ikuvunjie bei: ufundi peke yake, mbao, bati, misumari, kofia za kufunika mgongo wa paa. Halafu hao wawili kila mmoja akuandikie orodha yake ya mbao. Utashangaa. Wa 1.4m anaweza kukuandikia mbao 60 zaidi ya mwenzake, na mbao zinazobaki huwa hazilali saitini.

Zebaki
Chukua kampuni, ulale usingizi. Omba namba ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, uliza wako daraja la ngapi kati ya yale saba, uwaulize bodi wenyewe kama namba ni hai. Mkataba, risiti, muhuri. Fundi wa mtaani akikimbia utamshtaki kwa jina gani? Baba Juma?

Shilingi Mbili
Muhuri hauzuii mvua. Kampuni yenyewe ikishapata kazi inampigia Baba Juma huyohuyo.

Mama Wawili
Ngoja niseme yangu, maana naona watu wanaongea kwa raha.

Mwaka 2021 mimi nilichukua mtu wa duka. Mwenye duka alimsifia mpaka nikaona aibu kuuliza maswali. Akataka asilimia 70 mwanzoni, eti vijana wale. Nikatoa. Wiki ya kwanza watu sita saitini, kenchi (fremu za mbao za paa) zikasimama, mimi na mume wangu tukapiga picha. Wiki ya pili watu wawili. Ya tatu simu haipokelewi, kumbe kapata kazi Bunju. Alirudi baada ya mwezi na haraka zake, akamaliza bati zote kwa siku mbili. Sisi tukapiga dari ya jipsamu, tukahamia.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha saa nane usiku. Nikasikia tone kwenye korido, nikaweka ndoo. Likahamia sebuleni, nikaweka sufuria ya pilau. Kufika saa kumi jipsamu ya sebule imeanza kutoa tumbo. Nikawanyanyua watoto waliokuwa wamelala kwenye makochi, na haikupita muda ikashuka yote kwa kishindo. Ule unga mweupe ukageuka uji juu ya zulia la mahari ya dada yangu.

Fundi alikuja na silikoni, akapaka, ikavuja. Akaja na lami, akapaka, ikavuja. Nikamtafuta mzee mmoja wa hapa mtaani, akapanda, akaniita na mimi nipande ngazi nione kwa macho yangu. Kwenye vale jamaa alilaza kipande cha bati kilichobaki, kakikunja kwa nyundo, upana kama kiganja na nusu. Maji ya pande mbili yanakutana hapo, yapite wapi? Misumari mingine kapiga bondeni badala ya mgongoni, yaani katoboa palepale maji yanapotembea. Na bati alikata kwa grinda. Kila alipokata kingo zimeshika kutu, na cheche ziliporukia zimeacha vidoa vya kahawia kama mtoto mwenye surua.

Marekebisho yalinitoka 1.9m, dari bado sijaihesabu. Nilipomfuata mwenye duka akaniambia yeye anauza bati, hauzi watu.

Shilingi Mbili
"Hauzi watu" 😂 pole sana dada. Ila asilimia 70 mwanzoni, hapo ulimlipa kwenda Bunju.

Mzee wa Kenchi
Dada pole. Mimi ni fundi, nimeanza kupanda paa 1999. Msumari bondeni ni kazi ya mtu aliyejifunzia kwenye banda la kuku. Bati la rangi linakatwa kwa mkasi, tukisema mnaona tunachelewesha.

Lakini msituweke wote kapu moja. Nusu ya mapaa mabovu ninayoitwa kurekebisha aliyeharibu ni mwenye nyumba. Mbao zinashuka asubuhi bado zinachuruzika maji, yeye anataka jioni kenchi ziwe juu kwa sababu kesho anarudi kazini. Paini ikikaukia juu inajipinda, msumari unalegea, bati linapiga wimbi, halafu mimi ndiye fundi maiko, yaani fundi mbovu.

Na hizo mnazoita mbao za dawa (ya kuzuia mchwa), kateni kipande uangalie ndani. Ukijani ukiwa kwenye ganda tu, umepakiwa rangi. Dawa iliyoingia kiwandani unaiona mpaka ndani ya mbao.

Nyundo Nzito
Hapo nakuunga mkono mzee. Wengine wanachovya tu kwenye pipa wanakuuzia kama imetoka kiwandani Mafinga na cheti.

Mgeni wa Madale
Sawa wakuu. Malipo je? Nimlipeje asikimbie?

Mzee wa Kenchi
Mimi nachukua asilimia 30 nikianza, 40 kenchi na papi (mbao za kupigilia bati) zikiwa juu umezikagua, 20 bati na kofia zikiisha. Ile 10 inabaki mpaka mvua inyeshe.

Shilingi Mbili
Ikinyesha Novemba na umemaliza Juni?

Mzee wa Kenchi
Nasubiri. Au mwaga maji kwa mpira wa bustani juu ya vale, dakika ishirini kila moja, uone. Mwenye nyumba njoo inbox, Madale napafahamu.

Shilingi Mbili
Nilijua tu tunakoelekea.

Upepo wa Kusi
Niko Mafia. Mnajadili bati na misumari, hakuna aliyeuliza paa limeshikwa na nini ukutani. Kimbunga Hidaya kilipofika huku Mei 2024, langu lilibaki kwa sababu fundi aliacha nondo zikichomoza kwenye ringi bimu (lile zege la juu ya ukuta) tangu linamwagwa, akazikunjia juu ya mbao zinazolalia ukuta. Banda la jirani mbao zilikaa tu juu ya tofali, tukaliokota kwenye minazi. Muulize fundi wako swali hilo. Akianza kukuna kichwa, mwache.

Halafu geji 28 sawa, lakini ukiwa karibu na bahari angalia na aina. La zinki tupu chumvi inalila. Mimi niliweka aluzinki, la mchanganyiko wa alumini na zinki.

Mgeni wa Madale
Madale mbali kidogo na bahari mkuu. Ila nondo sikuacha. Ringi bimu ilishamwagwa.

Upepo wa Kusi
Basi fundi mzuri atatoboa na kufunga kwa bolti. Fundi mbaya atakwambia haina shida.

Mkazi wa Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Kwanza ni *mabati*, nyinyi huko mbona mnasema bati hata zikiwa mia mbili? Pili, kwa nini hukufikiria lile paa la kuficha nyuma ya ukuta, nyumba ionekane ya kisasa? Mbao chache, mabati machache.

Nyundo Nzito
Bati moja, bati mbili, bati mia mbili. Kiswahili kina wenyewe 😄
Na hilo paa la kuficha msimshawishi mtu. Mteremko mdogo, mfereji uko ndani ya ukuta, majani ya mwembe yakiziba tundu moja una bwawa juu ya chumba cha kulala.

Mkazi wa Kisauni
Wenyewe tupo huku Pwani ndugu yangu, nyinyi mlikipanga tu. Langu mwaka wa nne halijavuja. Unafagia mfereji, basi.

Zebaki
Mwaka wa nne ni mtoto. Njoo mwaka wa kumi tuongee.

Pasaka Muscat
Na nyie mlio karibu na nyumba zenu mshukuru. Mimi nilimtumia kaka yangu pesa za geji 28. Nimeenda likizo, nimeegemeza ngazi, bati likabonyea kama kopo la maziwa. Tukaleta maikromita: 32. Kaka wa tumbo moja. Kumbuka namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, hicho ndicho wanachokuchezea.

Mama Wawili
Mtoa mada, bado hujajibu jambo moja. Umeenda kuona nyumba walizopaua hao watatu? Siyo ya mwezi uliopita. Ya miaka mitatu iliyopita, uombe uingie ndani uangalie dari kama ina ramani za Afrika, na uongee na mama mwenye nyumba peke yake, fundi asiwepo.

Mgeni wa Madale
Wa kampuni walinitumia picha. Wa duka ana nyumba Goba, sijaenda. Wa mtaani kazi zake nazijua.

Nyundo Nzito
Unazijuaje? Kapaua ngapi?

Mgeni wa Madale
Kapaua ya mama mkwe.

Shilingi Mbili
Subiri. Kwa mama mkwe ulifikaje?

Mgeni wa Madale
Ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Sikutaka kuliweka mwanzoni ili mchango usiegemee upande.

Shilingi Mbili
Hahahaha! Kumbe tumeandika kurasa mbili tunashauri harusi iliyokwisha kufungwa.

Nyundo Nzito
Sasa kila kitu kimebadilika. Shemeji huwezi kumshikia asilimia 10. Paa likivuja utamwambia nini, na kikao cha familia kinakaa kwa nani?

Mama Wawili
Ya mama mkwe inavuja?

Mgeni wa Madale
Kidogo. Upande wa choo.

Mzee wa Kenchi
Mpe kazi ya kusaidia, alipwe kwa siku, awe chini ya fundi mwingine. Heshima inabaki, na wewe una jicho lako juu ya paa.

Zebaki
Ndiyo maana nasema kampuni. Kampuni haina dada.

Pasaka Muscat
Wangu alikuwa kaka, wewe una shemeji. Mimi nimenyamaza.

Mgeni wa Madale
Wakuu asanteni kwa michango, nimejifunza mengi. Mama watoto kauona uzi huu jana usiku kwa hiyo naomba tupunguze utani wa ukweni. Nyumba ya Goba nitaenda Jumamosi.

Ila kuna jambo. Mbao zimeshuka leo asubuhi, nilikuwa nimeshalipia kabla sijaandika hapa. Nimekata kipande kama mzee alivyoelekeza. Nje kijani, ndani nyeupe pe. Duka linaweza kukubali kuzirudisha?

Mzee wa Kenchi
Risiti imeandikwa mbao za dawa, au mbao tu?

Nyundo Nzito
Na zilichaguliwa na nani?

Kijana wa Chanika
Wakuu samahani kuingilia, gata (mifereji ya maji ya paa) za plastiki na za bati zipi zinadumu? Na futi moja inaenda shilingi ngapi siku hizi?