Udaktari na uzamivu kwa mpigo mmoja, kutoka chuo kidogo: naomba ushauri

Kutoka: Mama wa watatu, Columbus

Asalaam alaykum, na habari za Jumapili ndugu zangu.

Naomba niwasumbue kidogo. Binti yangu wa kwanza yuko mwaka wa tatu katika chuo kidogo hapa Ohio, vile vyuo ambavyo ukivitaja hata watu wa mji wa pili wanakuuliza kiko wapi. Wanafunzi hawafiki elfu mbili. Tulikichagua kwa sababu kilitoa ufadhili mzuri, basi, hatukutazama kingine.

Muda wote tulijua anajiandaa kwenda kusomea udaktari. Wiki iliyopita kaja na jipya: anataka kuomba MD na PhD kwa pamoja, miaka minane, na anasema ada halipi, tena juu yake anapewa posho. Jamani, nimekaa nchi hii miaka kumi na saba na sijaona cha bure kisicho na ndoana ndani.

Anasema aliyemtia moyo ni profesa wake, kwa kazi anayoifanya maabara. Nikamuuliza kazi gani. "Hamira, mama." Hamira gani? "Hiyo hiyo ya maandazi." Nilicheka naye, lakini moyoni nikasema, haya, zamu zote zile za usiku, kumbe nampeleka mtoto akaumue hamira.

Sasa nauliza. Hiyo bure ni ya kweli? Na mtoto wa chuo kisichojulikana atasikika kweli mbele ya watoto wa vyuo vikubwa? Baba yake anasema aombe udaktari peke yake, amalize, apumzike.

Kutoka: Mzee wa Houston

Dada, baba mtoto ana hoja. Kwetu Tanzania kijana akitoka kidato cha sita na alama nzuri anaingia Muhimbili, miaka mitano, mmoja wa mazoezi, kavaa koti. Huku ni minne ya chuo, minane ya hiyo programu, halafu ubingwa mitatu mpaka saba. Piga hesabu mwenyewe. Ataolewa lini? (Msinipige mawe, nauliza tu.) Na posho ni hela ya kula, si ya kujenga Kibaha.

Kutoka: Mwaka wa sita, bado napumua

Shikamooni wakubwa.

Niko ndani ya programu hiyo hiyo, mwaka wa sita, na nilitoka chuo cha wanafunzi elfu moja na mia tano ambako jengo la sayansi lilikuwa na mashine moja ya PCR, ya kunakili DNA, inayogombewa na madarasa matatu. Kwa hiyo mama, swali lako nalijua kwa ndani.

Bure ni ya kweli. Tangu 1964 taasisi ya afya ya serikali, NIH, inatoa fedha za kufundisha madaktari watafiti kupitia mpango uitwao MSTP. Ulianza na vyuo vitatu tu, leo vimepita hamsini, na vingine vinaendesha programu kama hizo kwa fedha zao. Ada inalipwa, bima inalipwa, posho kwa sehemu nyingi inazidi dola 30,000 kwa mwaka. Linganisha na daktari wa kawaida anayemaliza hapa: wenye mikopo wengi wanatoka na deni la kama dola 200,000. Ndoana ipo, Mzee wa Houston kaishika: ni muda. Mara nyingi unasoma miaka miwili ya kwanza ya udaktari, unakwenda maabara mitatu hadi mitano kutafuta uzamivu, halafu unarudi wodini umesahau hata stetoskopu inavaliwaje, huku wenzako ulioanza nao sasa ndio wanaokusimamia. Na ukiukimbia uzamivu katikati, ada ya udaktari iliyobaki mara nyingi inakuwa yako.

Kwa hiyo mzee, hesabu yako sina cha kuipinga. Kama binti anachotaka ni kutibu wagonjwa, baba yake yuko sahihi na mjadala umekwisha. Programu hii haichukuliwi kwa ajili ya kukwepa ada. Wanaowahoji wanaligundua hilo kabla chai haijapoa.

Sasa chuo kidogo. Wanaoomba programu hizi kwa mwaka ni wachache, hawafiki elfu mbili au wanazidi kidogo, na wanaoingia ni kama 700. Udaktari wa kawaida huombwa na zaidi ya 50,000. Maana yake faili lako hapa linasomwa na watu, tena watu wa maabara. Mtu wa maabara jina la chuo halimshughulishi sana. Anachotafuta ni hiki: huyu mtoto amewahi kuwa na swali lake mwenyewe, akalihangaikia muda mrefu, likamshinda, akarudi tena?

Hapo ndipo chuo kidogo kinapobeba. Chuo kikubwa kuna wanafunzi wa uzamivu na watafiti wengine juu yao, na mtoto wa mwaka wa pili anaweza kumaliza mihula miwili anaosha chupa na kumwagilia mimea. Kwetu hakuna hao watu. Ni wewe na profesa. Mimi mwaka wa pili nilipewa ufunguo wa maabara na daftari tupu. Profesa alinijua mpaka siku niliyokuwa sijala. Barua yake ya mapendekezo ilikuwa kurasa mbili, na kwenye usaili mmoja mzee wa watu aliniambia barua ile ndiyo iliyomfanya atake kuniona.

Na hamira usiidharau mama. Hartwell, Hunt na Nurse walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2001 kwa kueleza seli inavyojua wakati wa kugawanyika, na Hartwell aliyaona mengi ya hayo kwenye hamira ya mikate. Seli yake inafanana na yetu kuliko tunavyopenda kukubali. Vinasaba vinavyoiamrisha igawanyike vina ndugu zake ndani yetu, na vikiharibika ndiyo habari ya saratani inaanza. Mwambie akuonyeshe picha ya sahani zake, vile visahani vya maabara anamooteshea hamira. Kuna aina ya hamira iliyokatwa kinasaba kiitwacho ADE2: badala ya madoa meupe inaota madoa mekundu kama mtu kamwaga sharubati ya rosela, kwa sababu rangi inajilimbikiza ndani ya seli inaposhindwa kumaliza hatua moja ya kutengeneza adenini, moja ya herufi za DNA. Ukifungua sahani inanuka mkate. Mimi nikiinusa mpaka leo nakumbuka nyumbani Tanga, saa kumi na moja alfajiri.

Kinachoumiza kwenye chuo kidogo ni vingine. Kwanza, hakuna mtu pale aliyewahi kutuma mwanafunzi kwenye MD-PhD. Mshauri wangu alinitafutia fomu za udaktari wa kawaida miezi miwili nzima, kwa nia njema kabisa. Pili, maabara ni chache, na utafiti wa sehemu moja tu unaonekana mwembamba. Dawa yake ni kiangazi. Kuna programu za wiki nane hadi kumi katika vyuo vikubwa, zinalipa posho na malazi. Zile za REU, za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazolipwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali, ndizo nyingi zaidi, na maombi yake mengi yanafungwa Januari na Februari, kwa hiyo asisubiri maua yachanue. Zaidi ya hapo, aandike moja kwa moja kwa wenye maabara kwenye shule ya udaktari iliyo karibu. Niliandika barua pepe kumi na tisa. Nikajibiwa tatu. Moja ilikuwa "ndiyo".

Kuchapisha makala si lazima. Wengi tulioingia hatukuwa na makala yenye jina letu mbele.

Karatasi zenyewe: maombi yanapitia AMCAS, njia ya pamoja ya mtandaoni ya kuombea vyuo, ile ile ya udaktari. Inafunguliwa mwanzoni mwa Mei, kutuma ni kuanzia mwisho wa Mei, na anayetuma Agosti amechelewa hata kama tarehe ya mwisho ni Novemba. Kuna insha ya kawaida ya herufi 5,300, halafu mbili za ziada: ya herufi 3,000, kwa nini unataka vyote viwili, na ya herufi 10,000 kuhusu utafiti wako. Hiyo ndefu ndiyo mtihani. Mimi rasimu ya kwanza niliandika nilivyompenda bibi yangu alipolazwa Bombo, hospitali ya kwetu Tanga. Profesa akaisoma, akavua miwani. "Bibi amekupeleka wodini," akasema. "Nani amekupeleka maabara?" Nikaanza upya. Nikaandika juu ya likizo ya Novemba niliyorudi nikakuta sahani zangu arobaini zimeota ukungu wa kijani, na jinsi sahani mbili ambazo ukungu haukuzigusa zilivyonipa swali nililofanyia kazi mwaka mzima. Kila usaili niliulizwa ukungu ule. Kila mmoja.

MCAT, ule mtihani wa kuingilia udaktari: alama za juu kabisa ni 528, wanaoingia MD-PhD wastani wao ni kama 516, na GPA, yaani wastani wa alama za chuoni, kama 3.8. Ni wastani, si mlango. Lakini alama hapo ndipo mtoto wa chuo kisichojulikana anapojieleza haraka, maana A ya chuo chake hawaijui uzito wake, ya MCAT wanaijua. Ni saa saba na nusu za kukaa. Asiufanye wa majaribio.

Na aulize sasa hivi kama chuo chake kina kamati ya barua. Vyuo vidogo vingi vinazo: unahojiwa kwanza nyumbani, ndipo wanakuandikia barua moja ya pamoja, na tarehe zao huwa majira ya baridi, miezi kabla ya AMCAS kufunguka. Mwenzangu aliikosa tarehe hiyo akangoja mwaka mzima. Si msiba, wengi wetu tulifanya kazi maabara mwaka mmoja au miwili kabla ya kuomba. Ila ukingoja iwe kwa kupenda.

Kutoka: Baba, Grand Rapids

Jambo kwenu wote. Sisi ni wa Kivu ya Kusini, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na moja kabla ya kuletwa huku. Nina kijana naye anapenda sayansi sana, chuo chake kidogo vilevile. Grinikadi yake, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, tumeomba, haijatoka. Na mtoto wa kaka yangu yeye alikuja kwa viza ya masomo. Haya mambo yanawahusu, ao ni ya wenye uraia peke yao?

Kutoka: Dada wa Boston

Baba yangu, hilo ndilo swali lililotakiwa kuulizwa mwanzo kabisa, na watu huwa hawaulizi mpaka wamekwisha kulipa.

Fedha za MSTP zinatoka serikalini, na sharti lake ni uraia au grinikadi. Programu za kiangazi za REU ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kijana wako, kwa sasa, kiangazi atafute maabara zinazolipwa na chuo chenyewe. Chuo chake kidogo huenda kina fungu la wanafunzi wanaobaki kufanya utafiti likizo, na hayo mara nyingi hayaulizi karatasi. Kadi ikitoka kabla ya kuomba, anaingia mlango mmoja na wengine wote. Hiyo kesi ya kadi fuatilieni msilale. Akihama nyumba, abadilishe anwani uhamiaji ndani ya siku kumi. Nimeona bahasha inarudi ilikotoka kwa sababu ya namba ya fleti.

Huyo wa viza ya masomo njia yake ni nyembamba lakini ipo. Shule chache zinachukua wageni kwa fedha zao wenyewe, na ukurasa wa udahili wa kila programu unalitamka hilo. Asome moja moja kabla ya kulipa, maana mwaka 2025 AMCAS ilikuwa dola 175 kwa chuo cha kwanza na arobaini na kitu kwa kila kinachofuata, na haziulizi kama una sifa. Udaktari wa kawaida kwake ni mgumu zaidi: baadhi ya shule zinataka uonyeshe fedha ya ada ya miaka iko benki. Wengi wa viza ninaowajua walichukua PhD peke yake, yenye posho, wakaacha udaktari kwa baadaye.

Mama wa Columbus, kama kipato chenu si kikubwa, omba msaada wa ada wa AAMC, chama cha vyuo vya udaktari, kabla hajajisajili MCAT. Unapunguza bei ya mtihani na unafuta ada ya vyuo hadi ishirini. Lakini haurudishi ulichokwisha kulipa. Mdogo wangu alilipa Jumatatu, akasikia habari hizi Ijumaa.

Na tusifichane: tangu 2025 fedha za utafiti zimetikiswa, na baadhi ya vyuo vilipunguza nafasi za uzamivu mwaka huo. Kila programu aiulize kwa barua, mwaka huu mnachukua wangapi? Na aombe pia shule ambazo ukikosa MD-PhD zinakubali kukutazama kwa MD pekee. Hapo na baba yake atapata usingizi.

Kutoka: Mama wa watatu, Columbus

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Mzee wa Houston, wewe nitakujibu kwa simu.

Jana nilikuwa nakanda unga jikoni, nikamwambia haya, nieleze hiyo hamira yako. Akaacha simu! Akachukua bakuli langu akaanza kunionyesha, hii imekula sukari, hii imeshiba, hii imeamua kugawanyika, na yeye anataka kujua ile inayolala njaa inajuaje kwamba chakula kimerudi. Amesema ameirudia mara sita na mara mbili majibu yamekuja kinyume. Baba yake alikuwa mlangoni, nilidhani amepita tu. Akauliza, "Na hizo mbili mlizitupa?" Hakuzitupa. Wamekaa hapo mpaka maandazi yameungua upande mmoja.

Kamati ya barua ipo, mwisho wao ni tarehe 1 Februari, hakuwa akijua. Ameandika insha. Anaona haya kuituma kwa mtu asiyemjua. Kijana wa mwaka wa sita, unaweza kuisoma?

Kutoka: Mwaka wa sita, bado napumua

Shikamoo mama. Anitumie ile ya herufi 10,000 kwanza, nitaisoma Jumamosi baada ya kulisha panya. Na hizo mara mbili zilizokuja kinyume, kama hazimo ndani, aziweke ndipo atume.