Naomba ushauri: sura ya nadharia isimame kwenye uyakinifu wa kihistoria au kwenye nadharia za baada ya umuundo?

Mtafiti Mchanga:
Salaam, ndugu wanajukwaa. Naandika tasnifu ya uzamili juu ya Wachartisti wa Uingereza, wale waliodai kwa hati yao ya mwaka 1838 kwamba kila mwanamume aliyetimiza miaka 21 apige kura, na ambao maombi yao Bunge liliyakataa mwaka 1839 na tena mwaka 1842. Nina wasimamizi wawili wasioelewana. Wa kwanza ni mtu wa uyakinifu wa kihistoria: anataka nianze na viwanda, ujira na umiliki wa njia za uzalishaji, maana humo ndimo tabaka linamozaliwa. Wa pili, mtu wa nadharia za baada ya umuundo, anashikilia kwamba tabaka halikuwapo likisubiri kupewa jina, bali liliundwa ndani ya lugha ya siasa yenyewe, na kwamba hata hiyo njaa ninayoitaja nimeikuta kwenye maandishi. Nikimridhisha mmoja, mwingine ananirudishia rasimu imejaa wino mwekundu. Je, nichague upande, au ipo namna ya kuwapatanisha bila kuonekana kigeugeu?

Mzee wa Kumbukumbu:
Pole, mwanangu. Kuwapatanisha usijaribu. Sura inayosema kwamba lugha na uchumi vyote vina umuhimu wake haijasema kitu, na mtahini makini atakuuliza papo hapo ni kipi kinachoeleza kingine.

Vilevile jihadhari na majina ya kambi. Mwanahistoria E. P. Thompson, ambaye bila shaka msimamizi wako wa kwanza humtaja kila mkikutana, alisisitiza mwaka 1963 kwamba tabaka ni uhusiano unaotokea katika historia na si kitu. Kisha mwaka 1978 akamshambulia vikali mwanafalsafa Althusser, aliyekuwa mfuasi wa Karl Marx kama yeye, kwa kuwafanya binadamu vibebeo tu vya miundo. Mwanahistoria Gareth Stedman Jones naye alitoka humo humo katika historia ya mrengo wa kushoto kabla ya kuchapisha, mwaka 1983, insha iliyowasha moto huu unaokuunguza. Alidai kwamba Wachartisti hawakuzungumza kama tabaka jipya la viwandani, bali walirithi lugha ya wanamageuzi wa karne ya 18, lugha iliyoona chanzo cha dhiki katika dola iliyotekwa na wachache kuliko katika mwajiri. Kwa hiyo Serikali ya miaka ya 1840 ilipoanza kupitisha sheria zenye nafuu kwa watu wa chini, na kufuta mwaka 1846 sheria za nafaka, yaani za ushuru wa nafaka kutoka nje, lugha hiyo ikakosa pa kushika. Hoja ya namna hiyo hupimika, nawe una nyaraka za kuipimia.

Jembe Halilali:
Mimi sikubaliani. Agosti 1842 wafanyakazi wa Lancashire walipita kiwanda kwa kiwanda waking'oa vizibo vya matangi ya mvuke ili mitambo isimame, na kilichowatoa kazini ni ujira kupunguzwa. Hakuna diskosi, yaani namna ya kuzungumza, iliyopunguza ujira ule. Mwanahistoria Bryan Palmer alionya mapema, mwaka 1990, kwamba mwanahistoria anayezama katika lugha hubaki bila maelezo ya unyonyaji.

Kalamu Nyekundu:
Ndugu Jembe, ujira haukupunguzwa na diskosi, hilo halina ubishi. Lakini mikutano ya wagomaji hao hao iliazimia wasirudi kazini mpaka Hati iwe sheria. Toka ujira hadi kura ni mbali, na tumbo tupu peke yake haliwezi kumwambia mtu kwamba dawa ya njaa iko Bungeni. Tena soma hoja ya mwanahistoria Joan Scott ya mwaka 1988 kwamba mfanyakazi wa Thompson amechorwa kwa sura ya kiume. Wanawake walifanya kazi katika viwanda vile vile na kukatwa ujira ule ule, lakini dai la kura likaishia kwa wanaume. Uchumi utatuelezaje mpaka huo?

Jembe Halilali:
Utaelezwa na soko la ajira, ambamo wanaume waliogopa ushindani wa ujira mdogo wa wanawake.

Kalamu Nyekundu:
Na kwa nini ujira wa mwanamke ulihesabiwa kuwa wa nyongeza tu? Hapo umerudi kwenye maana, ndugu yangu.

Mzee wa Kumbukumbu:
Mwacheni kijana apumue. Mtafiti, chukua ombi la mwaka 1842, lenye saini zaidi ya milioni 3, ulisome mstari kwa mstari. Linasema Malkia anapokea pauni 164, shilingi 17 na peni 10 kwa siku, ilhali maelfu ya familia za vibarua zinaishi kwa peni 3 na robo tatu kwa kila kichwa. Mlinganisho huo unamwelekea Malkia. Mwenye kiwanda hayumo. Hapo Stedman Jones anapata nguvu. Lakini endelea kusoma: yapo malalamiko ya saa za kazi zinazopita uwezo wa binadamu, na ya ujira usiotosha kuutia mwili nguvu. Kisha inakuja orodha ya mambo yaliyohodhiwa na wachache, na mashine zimo pamoja na ardhi, magazeti na haki ya kupiga kura. Lugha ni ya zamani, ila mashine hazikutoka kwenye urithi wa karne ya 18. Zilipenyezwa na watu waliokuwa wakifanya kazi kandokando yake. Sura yako ianzie kwenye neno hilo moja katika orodha ile. Kwa maoni yangu linambana Stedman Jones zaidi kuliko linavyombana Thompson, ingawa Kalamu atanibishia.

Kalamu Nyekundu:
Nabisha, Mzee. Ombi linasema uhodhi wote huo umetokana na sheria za kitabaka, kwa hiyo hata mashine zimeshtakiwa kwa kosa la Bunge.

Mtafiti Mchanga:
Nashukuru sana, Mzee wangu, na ninyi nyote. Na wasimamizi je?

Mzee wa Kumbukumbu:
Wapelekee wote wawili rasimu moja, siku moja, na maswali ya kila mmoja uyaweke mbele ya mwenzake.