Wapiga besi, mnafanyaje vidole visinate kwenye nyuzi?

Nyuzi4
Wakuu, salaam. Napiga gitaa la besi kwa vidole, piki (kile kipande cha plastiki cha kufyatulia nyuzi) situmii. Tukianza kupiga mambo yanakuwa shwari, ila jasho likianza kuchungulia tu, kidole cha shahada na cha kati vinang'ang'ania uzi, noti inachelewa, na kwenye sehemu za harakaharaka naachwa na ngoma. Mkono wa kushoto nao nikiuhamisha kwenye shingo unatoa ule mlio wa "kwiii", na kwenye rekodi unasikika kuliko noti yenyewe. Nyuzi zangu ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, bado mpya. Kuna mwenzangu kaniambia nipake mafuta ya pua. Sijui ananitania? Nipeni mbinu zenu.

SautiYaChini
Hakutanii, mkuu. Pembeni mwa pua na kwenye paji la uso ngozi hutoa mafuta yake yenyewe. Unapitisha ncha za vidole hapo kati ya wimbo na wimbo, hakuna hata anayekuona. Kiasi kile kinatosha kabisa. Wapiga besi wengi wanafanya hivyo, wanaona haya tu kusema.

MamaNoti
Na ndiyo maana besi za kuazimana sizishiki bila kuzifuta kwanza 😂

Mkuu Nyuzi4, mafuta yanasaidia kwa muda, lakini yanaingia kwenye mifereji ya uzi pamoja na jasho na ngozi iliyokufa, na nyuzi zako mpya zitaanza kufifia mapema. Anza na maji na sabuni. Nawa mikono, ikaushe vizuri, subiri kidogo, ndipo ushike gitaa. Usipige mara tu baada ya kuoga au kufua, maana ngozi iliyolowa inakuwa laini na inanata vibaya, na malengelenge hayakawii. Losheni pia paka usiku, siyo kabla ya kupiga. Ukimaliza futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, upande wa chini pia, huko ndiko uchafu unakojificha.

BesiMlangoni
Poda ya watoto. Maliza kazi.

MamaNoti
@BesiMlangoni poda nyuma ya shingo ya gitaa sawa, dole gumba linateleza vizuri. Ila kwenye nyuzi, ikikutana na jasho inageuka uji.

FundiShingo
Naona wote mko kwenye vidole, wakati nusu ya tatizo iko kwenye nyuzi zenyewe. Natengeneza magitaa, kwa hiyo nivumilieni niandike kidogo.

Uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya. Ukiwa wa raundi, waya wa nje ni wa mviringo, hivyo kati ya mzunguko mmoja na mwingine panabaki kifereji. Mlio wa "kwiii" unatoka hapo: ngozi inarukaruka juu ya vile vituta. Stenlesi ni ngumu na inakwaruza kuliko nikeli, na zikiwa mpya ndiyo hali inakuwa mbaya zaidi. Wewe umechagua zile zenye msuguano mkubwa kuliko zote, halafu unakilaumu kidole.

Ukitaka kubaki na sauti inayong'aa, hamia nikeli. Utapoteza ukali kidogo tu. Zipo pia zilizofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki, kama Elixir, zinateleza sana na uchafu hauingii haraka. Wengine zinawateleza kupita kiasi, na utando huchakaa pale unapofyatulia. Halafu kuna flati, ambazo waya wa nje ni bapa kama utepe. Hizo mlio wa kuhama karibu haupo kabisa, lakini sauti inakuwa nzito, imetulia. James Jamerson, mpiga besi wa Marekani, alirekodi nyimbo za kampuni ya muziki ya Motown miaka ya 1960 kwa flati, tena nyuzi kuukuu asizopenda kubadilisha, na alifyatua kwa kidole kimoja tu cha shahada. Kwa upande mwingine mpiga besi mwingine, Jaco Pastorius, aliweka raundi kwenye besi isiyo na freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), akaupaka ubao wa shingo gundi ngumu ya epoksi ili nyuzi zisiutafune. Kwa hiyo msiseme flati ndiyo sahihi au raundi ndiyo sahihi. Inategemea unataka kusikika vipi.

SautiYaChini
Fundi umemaliza, ila bado pua yangu siiachi.

Kimyakimya
Niongeze la mbinu, maana hakuna aliyeligusa. Kidole kinanata zaidi kadiri unavyokizamisha kwenye uzi. Ongeza sauti ya amplifaya, punguza nguvu za mkono. Tumia ncha tu ya kidole, na kikishafyatua kiache kitue kwenye uzi wa jirani. Uzi mzito hauhitaji kuvutwa kama kamba ya kisima. Ukipiga kwa ulaini, hata vidole vyenye jasho vinapita.

Mkono wa kushoto, legeza kidole kabla ya kuhama. Usikiburute kikiwa bado kimekandamiza. Ila usikinyanyue kabisa, uzi ulioachwa wazi utalia. Kiache kiguse juujuu huku vidole vingine vikiuzima uzi, kisha hama.

Nyuzi4
Aisee, asanteni. Kulegeza kidole nimejaribu sasa hivi, mlio umepungua papo hapo. Maswali mawili: sugu yangu ina mipasuko midogo inayokwama kwenye uzi, niikate? Na nikiweka flati, lazima nipeleke gitaa kwa fundi?

MamaNoti
Usiikate wala usiing'oe, utabaki na nyama mbichi. Isugue taratibu kwa tupa ya kucha, ikiwa kavu, mpaka ukingo ulainike. Sugu nzuri ni ngumu na nyororo, siyo nene. Na ukipata lengelenge usilipasue, pumzisha kidole. Kuna watu wanaziba kwa gundi kali ili wamalize onyesho, mimi siwezi kukushauri hivyo. Vidole vikiwasha au kuvimba kila ukigusa nyuzi, hiyo siyo sugu tena. Kuna watu nikeli inawaletea mzio, muone daktari kabla ya kununua seti nyingine.

FundiShingo
Siyo lazima, inategemea. Flati nyingi zina mvuto mkubwa kuliko raundi za unene uleule, kwa hiyo shingo inaweza kupinda mbele na nyuzi zikapanda. Zifunge, tyuni, acha gitaa hadi kesho yake, kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie katikati. Ukiona uwazi mdogo kama unene wa kadi, hapo pako sawa. Ukizidi, fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo inahitaji kukazwa, robo mzunguko kwa mara moja, usilazimishe. Kama hujawahi kuigusa, basi hiyo ndiyo kazi ya kumpelekea fundi.