Naomba ushauri: safari naenda, kuandika ndo kunanishinda

Habarini za saa hizi wapendwa. Tangu mume wangu afariki nilijifungia ndani, sasa nimeanza kutoka na kuandika ninayoyaona, angalau nirudi kwa watu. Juzi nimeenda Kilwa Kisiwani, kwenye mashua kutoka Kilwa Masoko nahodha anakumba maji kwa kopo huku anabishana na abiria habari za Simba na Yanga, raha tupu! Ila nikikaa kuandika inatoka historia kavu, mara msafiri wa zamani Ibn Battuta alifika 1331, mara UNESCO waliiweka kwenye Urithi wa Dunia 1981, nahodha hayupo kabisa. Nimejaribu kurekodi kwa simu, upepo mtupu.

Mnaandika palepale au mkirudi nyumbani? Na daftari mnalitoaje mbele ya watu bila kuonekana afisa wa kodi?