Watoto wa Ngamiani 🌿 (mchoro wa kila siku)

JUMATANO

18:04 Da Mwana: Assalaam alaykum familia. Mpaka saa hii michoro ya leo ni miwili, wangu na wa Tunu. Wengine mko wapi? Tulikubaliana kila mtu mchoro mmoja kwa siku mpaka tupande mlima wa Usambara kwenda Amani. Dakika kumi tu. Jani, ndege, chochote kinachoota au kinachotembea.

18:05 Da Mwana: [picha] Mkungu wa uani kwa Mama Tunu

18:31 Mjomba Athumani: Mimi natembea. Nichoreni

18:33 Da Mwana: Mjomba 😒

18:40 Mama Tunu: Waalaykum salaam. Niko jikoni

18:52 Da Mwana: Halafu hili ndilo la haraka. Shabani anataka kianzio cha gari kabla ya Ijumaa, la sivyo anawapa watu wa harusi. Tunapitia Muheza, halafu mlimani. Vuli ikishachanganya, ile njia gari ndogo haipandi. Nani katuma?

18:53 Tunu: Mamkubwa penseli yangu HB inatoa kijivu tu, kivuli hakionekani

18:55 Da Mwana: Tafuta 2B, ukipata 4B bora zaidi. Usiikandamize, karatasi ya kaunta buku inachanika

18:57 Mjomba Athumani: B ya biriani?

18:58 Tunu: 😂😂😂

19:10 Zuhura: B ni weusi. Namba ikipanda penseli inakuwa laini na nyeusi zaidi. Ila Amani bebeni kalamu yenye wino usioyeyuka kwa maji. Ukungu wa kule asubuhi karatasi yote inakuwa chepechepe. Au mmeshasahau ya Pangani

19:11 Da Mwana: Zuhura tusianze

19:11 Zuhura: Nimetaja kalamu mie

19:14 Mjomba Athumani: Pangani mimi nakumbuka pweza tu

19:15 Mama Tunu: Yule pweza jamani 😂😂 nimecheka mwiko umeniponyoka

19:15 Tunu: pweza gani

19:16 Mama Tunu: Wewe ulikuwa tumboni

19:17 Da Mwana: KIANZIO

19:29 Da Mwana: Haya, kwa wanaouliza tunakwenda kuchora nini. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, na miti waliyoleta mingine ipo mpaka leo. Halafu kuna yale maua madogo ya zambarau ya kwenye miamba ya kivulini. Mkubwa wao wa serikali hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao 1892, mwaka wa pili yake yakaitwa kwa jina lake, Saintpaulia. Zuhura, lile jani lake lina manyoya, linachorwaje?

19:38 Zuhura: Manyoya huyachori. Ukingo wa jani unaupiga vimistari vifupi vifupi, katikati unaacha peupe. Jicho litajaza lenyewe

19:40 Tunu: na kinyonga wa pembe tatu yupo kweli??

19:41 Zuhura: Yupo. Mwenye pembe ni dume

19:42 Mama Tunu: Kinyonga humu simtaki hata wa penseli

20:16 Idi Hamburg: Shikamoo Mjomba, hamjambo wote. Ndiyo natoka kazini. Hayo maua huku yanauzwa dukani, yamepangwa mlangoni kwenye vikopo

20:17 Mjomba Athumani: Marahaba. Yarudishe

20:19 Zuhura: Kuna watu kurudisha vitu ndiko kunakowashinda

20:20 Idi Hamburg: Zuhura

20:20 Idi Hamburg: Mpaka leo?

20:22 Zuhura: Daftari la Baba nililibeba mimi kwenye mfuko wa nailoni. Aliyelitoa akawaonyesha rafiki zake, kisha akaliacha ndani ya mashua usiku wa mvua, si mimi

20:23 Idi Hamburg: Ujumbe huu umefutwa

20:24 Da Mwana: Hili kundi ni la michoro jamani

20:25 Mjomba Athumani: Na la kianzio

20:47 Tunu: Bibi amesomewa yote. Anasema niandike kama anavyotamka nisipunguze

20:55 Tunu: "Daftari ninalo. Liko kabatini chini ya kanga zangu, nusu ya kurasa zimegandana. Idi ni mwanangu, na kwa jambo hilo asitajwe tena mimi nikiwa hai. Baba yenu alikuwa kazini kwenye treni. Toka Korogwe mpaka Mombo milima iko kulia. Alikuwa anaanza na mgongo wa mlima kwa kuwa wenyewe hauondoki upesi, mikonge ya karibu anaitia mwisho kwa kukisia maana inapita mbio. Hakuwa akimwonyesha mtu. Alisema akikaa bure anasinzia, na akisinzia anakatwa mshahara. Na wewe Mwana unawadai watu michoro kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mwenye kuchora achore."

20:56 Tunu: amemaliza. ameingia kuswali

22:08 Mama Tunu: 🙏

22:31 Da Mwana: Nimesikia Mama. Basi michoro iwe ya hiari.

22:32 Da Mwana: Wa hiari watume kabla ya saa tatu usiku.

ALHAMISI

06:50 Mjomba Athumani: [picha] Mbuzi wa jirani

06:58 Tunu: babu ana miguu mitano

06:59 Mjomba Athumani: Wa tano mkia. Alikuwa hatulii, nami nimefanya kama marehemu, nimeanza na mgongo

07:15 Zuhura: Mgongo kweli umeupatia Mjomba

09:12 Idi Hamburg: [picha] Nimenunua kikopo kimoja. Sina penseli, nimechora kwa kalamu ya kazini

11:40 Zuhura: Kivuli umekitia upande ambao mwanga unatokea

11:58 Idi Hamburg: Upi sasa, wa dirishani?

13:03 Shabani Gari: Habari za mchana wakubwa. Watu wa harusi wananipigia

13:04 Da Mwana: Shabani subiri mpaka jioni mwaya. Mpaka sasa nimetuma mimi, na Mama Tunu nusu. Idi yake ataituma lini? Zuhura unakuja au huji?

13:20 Shabani Gari: Jioni saa ngapi dada

14:37 Hamisi Korogwe: Salaam, sikuwa na bando. Safari ya wapi?

14:38 Da Mwana: Hamisi soma juu

14:52 Mama Tunu: Kwani ni Jumamosi au Jumapili? Jumapili mimi nina arobaini Maramba, nilisema tangu mwanzo