Majarida ya kitaaluma mtatuua na fomati zenu! Kukubaliana muundo mmoja kuna ugumu gani?

Wakuu habari za usiku. Naomba mnivumilie leo, nina hasira, supavaiza hapokei simu na wife kashalala, so nawamwagia nyie.

Pepa yetu ya malaria imerudishwa. Sio kwamba imepigwa chini na rivyua (mtaalamu anayeipima pepa kabla haijakubaliwa), hapana, hakuna rivyua hata mmoja aliyeisoma. Imerudishwa na yule mtu wa kukagua fomati baada ya kukaa nayo mpaka tukasahau kama tuliituma. Kosa letu? Kwenye rifarensi tumeweka koma baada ya mwaka, wao wanataka nukta mkato. Majina ya majarida tumeandika kwa kirefu, wao wanataka kifupi. Ikisiri (abstract, ule muhtasari wa mwanzo) ina maneno 270 na mwisho wao ni 250, halafu majedwali yamekaa katikati ya maandishi badala ya kupangwa mwishoni. Basi. Hivi mbu anajali nukta mkato?

Na hii pepa ilishatoka jarida jingine ambako edita alituambia kazi nzuri ila haiwafai wasomaji wake, tujaribu kwingine. Sawa, tukajaribu kwingine. Sasa kule kwa kwanza walitaka ikisiri aya moja isiyo na vichwa, huku wanataka ivunjwe usuli, mbinu, matokeo, hitimisho. Kule ukifika mwandishi wa saba unaweka et al. (yaani "na wenzake"), huku unaorodhesha ukoo mzima. Kule picha zinakaa ndani ya Word, huku kila picha faili lake, TIFF (yale mafaili mazito ya picha), dpi 300. Mmeshawahi kuaplodi TIFF kwa bando la chuo (la kugombania) nyie? Inafika asilimia tisini mtandao unakata, ukirudi mfumo unakwambia sesheni imeisha ingia upya, ukiingia upya unakuuliza tena jina, taasisi, email na ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti) ya kila mwandishi mwenza, vitu ambavyo vyote viko ukurasa wa kwanza wa hiyohiyo pepa uliyotoka kuiaplodi!! Aisee.

Na asije mtu hapa akasema haiwezekani majarida kukubaliana. Januari 1978 maedita wachache wa majarida ya tiba walikaa Vancouver, Kanada, wakakubaliana masharti ya pamoja ya kuandaa muswada, 1979 yakachapishwa. Ndio hiyo Vancouver, mtindo wa rifarensi tunaoutaja kila siku. Enzi za taipureta hizo! Walielewana watu wa taipureta, leo tuna kila programu duniani ndo tumeshindwa, kila jarida linasema linatumia Vancouver halafu ukifungua maelekezo kwa waandishi unakuta ni Vancouver yake ya nyumbani. Harvard, ule mtindo mwingine wa rifarensi, ndo usiseme, haina hata mwenyewe, kila chuo kina Harvard yake. Ukiingia Zotero (programu ya kupanga rifarensi) mitindo ya rifarensi imezidi 10,000. Elfu kumi jamani, njia za kusema nani kaandika nini mwaka gani.

Kuna utafiti ulitoka jarida la PLOS ONE mwaka 2019, waliuliza watafiti 372 wa nchi 41 muda gani unaliwa na fomati tu, sio kuandika, FOMATI. Kati kwa kati ikawa saa 14 kwa kila pepa, saa 52 kwa mtu kwa mwaka, wakipiga hesabu ya mishahara ni dola 477 kwa pepa moja. Saa 14 hizo mtu wa Marekani labda ana msaidizi wa kumtupia. Lekchara wa huku ana darasa limefurika hadi madirishani, ana skripti za UE (mtihani wa mwisho wa muhula) hazijaguswa, ana wanafunzi wa field wa kuzungukia, hizo saa anazitoa usiku, kama mimi sasa hivi nahesabu nukta.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba kazi yenyewe inatupwa. Pepa ikishakubaliwa mchapishaji anaichukua, anaigeuza kuwa XML (faili la kompyuta lisilobeba mapambo yako), anaipanga upya kwa fonti zake, safu zake na rangi zake. Ile italiki uliyokesha nayo hakuna anayeiona. Kwa hiyo tunapiga pasi nguo inayoenda kufuliwa. Halafu pruufu (nakala ya kuhakiki kabla ya kuchapwa) inakuja jina lako la ukoo limewekwa mbele na la kwanza nyuma, na una saa 48 za kurekebisha, ukichelewa shauri yako.

Kuna walioliona hili. Jarida la Free Radical Biology & Medicine walianza 2011 kupokea muswada ulivyo, mradi usomeke, Elsevier, wachapishaji wake, wakapeleka utaratibu huo kwenye majarida yao mengine. Jarida la eLife nao kutuma mara ya kwanza hawakusumbui. bioRxiv (tovuti ya kuweka pepa kabla ya kupitiwa na rivyua) unaweka PDF yako unaondoka zako. Sijasikia sayansi imeanguka kwa sababu hiyo.

Nisieleweke vibaya lakini. CONSORT, PRISMA na wenzao (miongozo ya nini lazima ukieleze kwenye ripoti ya utafiti) sina ugomvi nao, zile zinakuuliza sampuli umeipataje, waliojitoa ni wangapi, hayo ni mambo ya maana na nikibanwa hapo nakubali kubanwa. Kikomo cha maneno pia naelewa. Kuficha majina ili rivyua asijue nani kaandika, sawa. Nachokataa ni kurudishiwa kazi kwa sababu ya koma.

Na mjue nani anafaidi. Majarida ya kitapeli! Yale ya "Dear Esteemed Professor" wakati hata masters hujamaliza. Wale hawana fomati, tuma vyovyote, kesho umekubaliwa, leta dola. Kijana chuo kinamdai pepa ndo atetee PhD, amerudishwa mara kadhaa kwa nukta na koma, mnadhani ataenda wapi?

Nachotaka ni kidogo tu. Kutuma mara ya kwanza kuwe na muundo mmoja kwa wote: kichwa, ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, rifarensi kwa mtindo wowote mradi usibadilike njiani na DOI (namba ya kudumu ya kila pepa mtandaoni) ziwepo. Mkishaikubali ndo mje na mbwembwe zenu, na mzifanye wenyewe, hela ya kuchapisha si mnatudai?

Najua kuna mtu anataipu sasa hivi "mkuu tumia Zotero". Natumia Zotero. Zotero haipunguzi ikisiri kutoka 270 hadi 250, haihamishi majedwali, haitengenezi TIFF, haijazi hizo fomu. Kaa kimya.

Wengine, mwenye kujua jarida la afya ya jamii linalopokea muswada ulivyo, lenye indeksi ya kueleweka (limeorodheshwa kwenye hifadhidata zinazoaminika) na lisilotoza dola elfu mbili, aliweke hapa. Na kama umewahi kuwa edita njoo utuambie ile koma iliwakosea nini.